Ujinga wa Kuvishwa

Mwalimu Philister Moraa alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Minnesota aliyewahi kuugundua: hakuweza kupita penye darasa bila kuingia. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja katika shule ya msingi iliyo juu ya kilima upande wa Nyamira, akastaafu, akaagwa kwa blanketi, sufuria na hotuba tatu, kisha binti yake Velma, ambaye ni nesi, akamtumia tikiti aje Apple Valley apumzike. Alipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu alikuwa amepanga upya kabati zote za jikoni na kuanza kusahihisha matangazo ya kanisani, na Velma, kwa usalama wa wote, akamtafutia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa Bloomington, kwenye kituo cha wazee cha mchana, ambako wazee huletwa asubuhi kwa mabasi madogo na kurudishwa makwao saa tisa. Philister aliwagawia chai, akawaongoza mazoezi ya kuketi, akawashika mkono kwenda msalani na kuwasikiliza. Wapo waliomhurumia, mwalimu mzima wa watu anasukuma kiti cha magurudumu ugenini, na huruma yao wangebaki nayo. Yeye alikuwa na buti nzuri za theluji, binti anayempenda, na wazee ishirini na wawili waliomwita Mwalimu kwa sababu aliwaambia hilo ndilo jina lake. Kitu alichokikosa kilikuwa kimoja tu, nacho ni chaki.

Sasa kila Jumanne, baada ya mazoezi, mzee mmoja aitwaye Lenny aliketi kwenye meza ya duara karibu na dirisha na kufundisha Kiairishi. Lenny alikuwa na miaka themanini na miwili, mpeleka barua mstaafu wa Saint Paul, mrefu, mwenye masikio makubwa na magoti yaliyomaliza kazi yake kabla yake. Wanafunzi wake walikuwa watatu: akina mama wawili, mtu na dada yake, ambao hawakukubaliana juu ya jambo lolote, na mzee mmoja aliyelala kuanzia dakika ya tano. Philister alianza kwa kufuta meza ya jirani. Aliifuta Jumanne tatu mfululizo. Jumanne ya nne Lenny alimwambia avute kiti aketi, maana ile meza alikuwa anaelekea kuitoboa.

Siku hiyo kibaoni palikuwa na neno moja: amaidí. Maana yake, Lenny alieleza, ni ujinga, upuuzi, mambo ya kipumbavu kwa ujumla. Philister akauliza swali ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeliuliza, kwamba neno hilo liko ngeli gani. Lenny hakujua ngeli ni mnyama gani. Alipoelezwa, alisema kwao ngeli ni mbili tu, ya kiume na ya kike, na amaidí ni ya kike.

Philister akataka kujua kwa nini ujinga uwe wa kike. Wale dada wawili wakawa upande mmoja kwa mara ya kwanza mwaka huo. Lenny akajitetea kwamba mtu mjinga mwenyewe ni wa kiume, amadán, na ukitaka kusema "yule mjinga" unamwekea t mbele, an t-amadán, ilhali amaidí haiongezewi chochote, an amaidí. Akajichimbia shimo zaidi alipofika kwenye asili. Wajuzi wanasema maneno yote mawili yalitoka kwenye neno moja la kale sana, ammait, lililomaanisha mwanamke mjinga, au mchawi. Philister akasema sasa ameelewa: hiyo kamusi iliandikwa na wanaume walioachwa na wake zao. Lenny alicheka mpaka mzee aliyelala akaamka na kuuliza kama chakula kiko tayari.

Hata hivyo Philister alikuwa ametoa daftari. Aliandika kwamba amaidí haina wingi, sawa na ujinga wetu ambao hata ukizidi unabaki ujinga uleule. Akaandika pia jambo lililompendeza kuliko yote. Mwairishi hamwambii mtu "wewe ni mjinga" tu. Anaweza kumwambia nach ort atá an amaidí, yaani, je, si juu yako ujinga umekaa? Njaa kwao iko juu yako, huzuni iko juu yako, ujinga pia uko juu yako. Sisi tukishamwita mtu mjinga tumemaliza, tumemtia kwenye ngeli moja na mtu na mtoto, na humo ndimo atakamokaa.

Tangu siku hiyo alikuwa na kiti chake kwenye meza ile. Akamfundisha Lenny kuandika herufi kubwa ili wa nyuma waone, na kumuuliza swali aliyelala badala ya aliye macho. Lenny hakukasirika. Alisema barua alizipeleka miaka thelathini na sita bila mtu kumwambia anazipelekaje, na ilikuwa vizuri hatimaye kupata mkaguzi.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha, lakini mwezi wa Oktoba kanisa lao likaamua kuanzisha darasa la Kiswahili la watoto. Lilikuwa kanisa la Wasabato, wengi wao Wakisii, na malalamiko ya wazazi yalikuwa mamoja: watoto wanaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Unamwambia mtoto leta kijiko, anakileta kwa Kiingereza. Darasa lingekuwa kila Jumapili saa nane, na kamati ikamtaja Mwalimu Philister kabla mtu hajamaliza kuuliza nani atafundisha. Velma alisema mama yake alilipokea hilo simu mkononi, akaketi kwenye ngazi, akakaa hapo muda mrefu akitabasamu na ukuta.

Alilitaka darasa lile. Tuseme wazi, alilitaka kama mtu anavyotaka maji, na hakuona haya. Lilibaki jambo moja la kumtia wasiwasi, nalo lilikuwa mwenyekiti wa kamati, Dinah Kerubo, mama yake Bravin. Dinah alikuwa nesi mkuu katika hospitali moja mjini, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Na zamani, akiwa na miaka kumi, alikuwa mwanafunzi wa darasa la nne wa Mwalimu Philister kule kilimani, na alivaa diski muhula mzima.

Diski, kwa ambaye hakusoma shule zetu, ilikuwa kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, kina kamba ya katani ya kuvaa shingoni. Lugha ya nyumbani ilikuwa marufuku shuleni. Ukiteleza ukasema neno moja la Ekegusii, yaani Kikisii, unavishwa, na wewe unamvizia mwenzako ateleze ili umvishe. Atakayekuwa nayo jioni analala nayo, na Ijumaa wote walioivaa wanachapwa au wanalima shamba la mwalimu mkuu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walimu walipenda kusema, wakicheka. Kwenye ile ya shule yao paliandikwa MIMI NI MJINGA kwa msumari wa moto, na mwandiko ulikuwa wa Philister mwenyewe. Ile ya awali ilikuwa na maneno ya Kiingereza, naye kama mwalimu wa Kiswahili akaona hiyo ni dharau kwa somo lake.

Dinah aliletwa na nyanya yake kutoka mbali, yatima, hana Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Wiki ya pili aliomba maji darasani, akayaita amache, akavishwa. Wengine walipovishwa waliivua kabla ya chakula cha mchana, maana hakuna kazi rahisi kama kumvizia mtoto mwenzio. Dinah hakumvizia mtu. Ikabaki shingoni mwake hadi shule ilipofungwa, na alipoivua alikuwa anasema Kiswahili safi kuliko wote, na Philister akamtolea mfano mbele ya wazazi.

Kwa hiyo simu ya Dinah ilipokuja, Philister aliipokea akiwa amesimama. Dinah alimwamkia kwa heshima zote, akamweleza kwamba kamati itakutana Jumapili ijayo kumsikiliza na kumkabidhi darasa. Kisha akasema, "Na Mwalimu, usisahau ile diski. Hawa watoto wetu huwezani nao bila diski. Akiongea Kizungu, anavaa."

Moyo wa Philister ulishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kumbe Dinah hana kinyongo. Kumbe hata anaisifu. Alilala vizuri sana usiku ule.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alikata kadi nzuri kutoka kwenye boksi la biskuti, akaandika maneno yale yale kwa kalamu nene, akaipitisha kwenye mashine ya ofisini inayofunika karatasi kwa plastiki, akaitoboa na kuitia utepe wa dhahabu uliobaki Krismasi. Ilipendeza. Aliiweka mezani ipoe, na Lenny, aliyekuwa akisubiri basi lake, akaiokota na kuuliza ni medali ya nini.

Philister alimweleza yote kwa fahari, na jinsi inavyofanya kazi, na kwamba haijawahi kushindwa. Lenny alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaiweka chini polepole na kuvuta kiti.

"Ya kwetu ilikuwa fimbo," alisema. "Walimvisha shingoni baba yake nyanya yangu. Kila akisema neno la Kiairishi mwalimu alikata alama kwenye fimbo, na jioni alipigwa kwa hesabu ya alama."

Baba huyo, Lenny alisimulia, hakuwahi kusema Kiairishi na watoto wake. Alisema kitawaletea fimbo. Nyanya alikiokota kwa kusikiliza wakubwa wakinong'ona, akaja nacho Saint Paul akiwa msichana, na hapa hakukisema na mtu. Katika lugha nzima ya ukoo wao, neno lililomfikia Lenny lilikuwa moja tu, ambalo nyanya alilitumia akiwakuta wanaruka juu ya vitanda: amaidí. Lugha ilikwenda, likabaki neno la ujinga. Alipostaafu kupeleka barua akaanza kujifunza, akiwa na miaka sitini na sita, ili ajue maneno mengine yaliyokuwa yanalizunguka lile moja.

Hakumlaumu. Alisema basi limefika, akaaga, akaondoka na mkongojo wake. Philister alibaki na ile kadi, na akajikuta anakasirika. Alimkasirikia Lenny kwanza, kwamba hawa wazungu hawaachi kitu cha mtu kikawa kizuri; kisha akaona hasira hiyo haina pa kukaa, maana mzee alisimulia habari zake tu.

Siku zile zilizobaki alifanya kazi vizuri na kulala vibaya. Kulikuwa na jambo ambalo hakumweleza Lenny, wala hakuwahi kumweleza mtu, hata marehemu mumewe. Siku ya kufunga shule muhula ule, nyanya yake Dinah alikuja. Alitembea kutoka kwake hadi kilimani, mwendo ambao kwa miguu ya kizee ulimaliza asubuhi nzima, na mkungu wa ndizi kichwani. Aliupeleka mkungu kwa Mwalimu Philister mlangoni pa darasa, akapiga magoti, akamshukuru sana, ila hakusema anashukuru nini. Halafu akauliza swali moja. Philister, aliyekuwa na miaka thelathini na mmoja na haraka nyingi, alicheka, akamjibu kwamba mtoto sasa anajua Kiswahili, nyanya afurahi. Akazichukua zile ndizi. Zilikuwa tamu, na walimu wenzake walikula nao wakasifu.

Alikuwa amelisahau swali lile kwa miaka thelathini na zaidi, na sasa lilikuwa halimtoki. Alhamisi aliichukua ile kadi akaikata vipande vinne, akavitia kwenye pipa la kituo, akafunika na majani ya chai. Hapo hapo alijua darasa huenda limekwenda pamoja na vile vipande, na iliuma.

Jumapili Velma alimshusha kanisani na kwenda kununua vitu. Kamati ilikuwa watu watano kwenye ukumbi wa chini, na chai ya maziwa kwenye chupa. Philister aliwaonyesha mpango wake wa masomo: wiki hii maamkizi, wiki ile vyombo vya jikoni, na kila mtoto amhoji mzazi mmoja na kuleta hadithi moja. Walifurahi. Jairus, katibu, anayefanya kazi ya kompyuta Eden Prairie, alikuwa tayari ameandika kwamba imepitishwa.

Ndipo Dinah akauliza diski iko wapi.

"Niliitengeneza," Philister alisema, "na nimeitupa. Mtoto wa darasa langu hatavaa kitu shingoni. Kama darasa ni lazima liwe na diski, tafuteni mwalimu mwingine."

Wakatazamana. Jairus alidhani ni utani, akacheka, akasema wao wote waliivaa na hakuna aliyekufa, wengine ni mainjinia leo. Yeye mwenyewe aliivaa mara nyingi hadi shingo ikazoea, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Dinah hakucheka. Alisema ukupigao ndio ukufunzao, na kwamba yeye ni ushahidi. Philister aliwaambia anawaheshimu, na hana neno la kuongeza. Dinah akafunga faili, akasema kamati itajadili na kumjulisha, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua maneno hayo yana maana gani.

Nje palikuwa baridi ya kukata masikio na Velma alikuwa bado yuko kwenye foleni ya dukani. Philister alisimama karibu na mlango akijiambia kwamba wazee ishirini na wawili si haba, na kwamba Jumanne ataketi kwenye kiti chake kama kawaida. Gari la Dinah likaja likasimama mbele yake, mlango ukafunguliwa kwa ndani.

"Ingia, Mwalimu, utaganda. Tumngoje Velma pamoja."

Walikaa na joto la gari likipuliza miguuni. Dinah ndiye aliyeanza. Alisema hataki Mwalimu adhani ana kinyongo, maana hana. Halafu akasimulia kisa cha kuchekesha. Nyanya yake hakujua kusoma. Jioni ya kwanza alipomwona na ile mbao shingoni alipiga vigelegele, akadhani mtoto amefanywa prifekti. Aliwaita majirani waje waione. Kila usiku aliivua, akaipaka mafuta ya ng'ombe isipasuke, akaitundika ukutani, na asubuhi akamvisha mwenyewe.

Dinah alicheka kidogo aliposema hivyo. Philister hakucheka.

"Na wewe hukumwambia?" aliuliza.

Angemwambia nini, Dinah alijibu. Angemwambia imeandikwa nini. Basi akanyamaza. Aliogopa pia kwamba akizoea Ekegusii nyumbani kitamtoka shuleni, kwa hiyo nyanya alipomsemesha alimjibu kwa Kiswahili, ambacho nyanya hakukijua. Muhula ulipokwisha wakaendelea hivyo hivyo, mmoja huku na mwingine kule. Mwishowe nyanya naye akapunguza maneno. Alikufa Dinah akiwa kidato cha pili. Dinah aliyasema yote haya kwa sauti ya kutoa taarifa ya mgonjwa, macho yapo kwenye kioo cha mbele. Alisema sikuzote aliamini kwamba mtu fulani hatimaye alimsomea nyanya maandishi yale, na nyanya akanyamaza kwa aibu ya kulea mjinga.

Hapo ndipo Philister alipoona zile ndizi zilikuwa za nini.

"Dinah," alisema, na hakumwita mama Bravin, "hakuna aliyemsomea. Alikuja shuleni siku ya kufunga."

"Nani alikuja?"

"Nyanya yako. Kwa miguu, na mkungu wa ndizi. Alipiga magoti akanishukuru, na mimi sikujua ananishukuru nini. Alikuwa anashukuru kwa cheo ulichopewa. Hakukuonea aibu hata siku moja."

Dinah aligeuka akamtazama. Philister aliona ni lazima amalize, kwa sababu akinyamaza sasa hatasema tena.

"Halafu akauliza. Alisema, Mwalimu, mtoto niliyekuletea alikuwa na maneno. Mmeyaweka wapi? Nami nilimcheka. Nilimcheka na ndizi zake nikala. Nimekuja na hilo mpaka huku, Dinah. Nisamehe."

Gari la Velma liliingia, likawasha taa, likangoja. Hakuna aliyelitazama. Dinah alilia bila sauti, kwa namna ya mtu asiyefanya mazoezi ya kulia, pua ikimsumbua, na Philister akamtafutia leso kwenye mkoba wake. Ilichukua muda. Baadaye Dinah alisema watoto wake wawili humsikiliza kila neno na kumjibu kwa Kiingereza, na yeye kila siku huwaambia wana dharau. Akasema kamati atazungumza nayo mwenyewe, darasa lianze Jumapili ijayo saa nane, na Jairus kama anataka diski avae yeye. Philister alijaribu kushukuru lakini Dinah alikuwa hajamaliza.

"Hilo swali," alisema. "Alilisemaje? Kwa maneno yake."

Katika miaka yote waliyofahamiana, kilimani na huku, Mwalimu Philister hakuwahi kumwambia Dinah hata neno moja la Ekegusii. Sasa alilisema swali lile kama lilivyosemwa mlangoni pa darasa, na mkato wa sauti ya kizee mwishoni. Dinah alielewa nusu. Akamwomba arudie, akarudia. Akamwomba tena, taratibu zaidi, na safari hii midomo yake mwenyewe ilikuwa inafuata.

Mara ya nne alilisema peke yake.